Mtani wa Kupandikizwa

“Simama, Mngoni! Au unangoja babu zangu wafufuke waje kukukimbiza tena?”

Wagonjwa watano wa Wodi ya Nane waliokuwa wakinywa uji waliacha vijiko hewani, wakatazama kitanda cha dirishani.

Mzee Kasiani Mbano aligeuza shingo taratibu, kama mtu anayechagua jiwe la kurusha. Alikuwa fundi wa mitambo ya upepo kwa miaka thelathini na saba, hadi siku panga la mtambo lilipomkata mguu wa kulia juu ya goti.

“Wanikimbize mimi?” alisema. “Babu zako walipotuona walipanda miti. Wengine hawajashuka hadi leo, ndiyo maana kwenu Iringa mbao ni ghali, kila mti una mtu.”

“Na ninyi mnaogopa kukata miti msije mkawakosa panya ndani. Kitoweo hicho, Mzee!”

“Anasema mla mbwa!”

Mzee Mbano alikuwa amekwisha kaa. Miguu yote miwili ilining’inia kando ya kitanda: wa kushoto mweusi, mkavu, wenye makovu ya nyaya, wa kulia laini, hauna kovu wala unyoya, kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alishika fito za pembeni, akauma meno, akasimama. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Sifuni, muuguzi wake, alirudi kinyumenyume mbele yake na kumchokoza bila kumpa nafasi ya kupumua, na kila alipotukanwa Mzee alisogea ili ajibu kwa karibu.

“Hatua ishirini na sita,” ilisema Dira, mashine ya wodi, kutoka darini, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. “Joto la mguu, thelathini na nne. Muuguzi Sifuni, nimeandika maneno ya dharau kumi na manne kwa mgonjwa asubuhi hii. Matroni anakuhitaji.”

*

Zamani nadharia za uuguzi zilikaa vitabuni. Wanafunzi walizimeza usiku wa mtihani na kuzitapika asubuhi, kisha wakaingia wodini na kufanya alivyofanya muuguzi aliyewatangulia. Sasa zilikaa darini. Kila mgonjwa alipopokelewa, Dira ilimsoma pumzi, jasho, usingizi na maneno, kisha ikampa njia. Wa Njia ya Mazingira alihudumiwa kwanza kwa hewa, mwanga na utulivu. Wa Njia ya Kujihudumia hakushikiwa hata kikombe alichoweza kukishika mwenyewe. Muuguzi hakugeuza mto bila kusema anaugeuza kwa njia ipi.

Wengi walilalamika. Sifuni hakulalamika hata siku moja. Alizipenda nadharia zile kama wengine wapendavyo mpira, na chuoni, ambako hakuna aliyemfundisha ushairi, alijitungia beti za kuzikumbuka, akazighani bwenini hadi wenzake wakamrushia viatu. Njia ya Kuzoea, aliyopewa Mzee Mbano, alikuwa ameifunga hivi:

*Mwili ukipata geni, huanza kwa kulikana;*
*Muuguzi u kazini, uwafanye kupatana.*

Kukana ndiko kulikokuwa kunamuua Mzee Mbano. Mguu ule uliota ndani ya pipa kwa uboho wake mwenyewe, ukaunganishwa mfupa kwa mfupa na mshipa kwa mshipa. Damu iliukubali. Kichwa ndicho kilichokataa. Ubongo ukishindwa kuukiri mguu kwa siku ishirini na moja, mishipa hujifunga, mguu hupoa, nao hauna budi kukatwa. Na moyo wa Mzee, madaktari walisema, usingeweza kubeba dawa ya usingizi mara ya pili. Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi: hatua arobaini mfululizo bila kushikwa, alama ya kwamba kichwa kimekiri, kabla ya siku ya ishirini na moja kuisha, au kaburi.

Wiki ya kwanza hakupiga hata moja. “Nauheshimu,” aliwaambia wauguzi. “Ni kama mkwe. Tuko nyumba moja lakini hatutazamani.”

Siku ya nane aliletewa Sifuni.

*

Matroni Kokwijuka alikuwa Mhaya mrefu wa miaka hamsini na kitu, na alikuwa na tabia ya kumenya chungwa wakati wa kumhoji mtu, ili mtu asijue kama amekasirika.

“Kaa. Dira inasema unamtukana mgonjwa. Mimi nimeangalia picha. Nimeona mgonjwa anacheka. Sasa nifahamishe, nani mgonjwa hapa, ni yeye, ni wewe, au ni hii mashine?”

“Ni utani, Matroni. Wahehe na Wangoni. Walipigana enzi za mababu, wakapatana, wakabaki watani. Mtani akikutukana si tusi. Ukinuna ndiyo aibu.”

“Hayo nayajua, usinifundishe. Ninachokuuliza ni kingine.” Aliweka ganda mezani. “Dira haina utani katika njia zake zote kumi na moja. Nikitaka iache kukuhesabia makosa, lazima niandike kwamba wewe ni mtani wake kweli. Hatuandiki makabila ya wafanyakazi hapa, ndiyo maana beji yako ina jina moja. Basi niambie kwa mdomo wako. Wewe ni Mhehe?”

Sifuni alitazama ganda la chungwa. Lilikuwa limetoka zima, limejikunja kama konokono.

“Mimi ni Mpare,” alisema.

Matroni akaliweka chungwa chini.

“Nimezaliwa Iringa. Baba alikuwa mwalimu kule. Nilipoingia wodini siku ile nilimwambia Mzee, ‘Kamwene,’ kwa mazoea tu, maana kwetu mtaani hakuna salamu nyingine. Akafumbua macho. Wiki nzima hakuwa amefumbua macho kwa mtu! Akaniuliza, ‘Wewe wa wapi?’ Nikasema Iringa. Akasema, ‘Ala! Wameniletea Mhehe aje kunimaliza!’ Akacheka. Na alipocheka, Matroni, vidole vya mguu ule vilicheza. Nimeviona kwa macho yangu.”

“Ukanyamaza.”

“Nikamjibu tusi.”

Dira ilitia neno bila kuulizwa. “Njia ya Kuzoea inaelekeza kinachomfanya mgonjwa aukubali mguu kiendelee. Njia ya Mahusiano inaelekeza muuguzi asijenge imani ya mgonjwa juu ya uongo. Njia mbili zinapingana. Uamuzi ni wa muuguzi.”

“Unasikia?” alisema Matroni. “Mashine nzima ya serikali imekurudishia mzigo wako kichwani. Mimi sitaandika uongo. Sitakushurutisha pia. Zimebaki siku nne. Ukimwambia, kila ulilomtamkia linageuka tusi halisi, la kijana asiyemhusu kwa mzee wa watu. Usipomwambia, huenda akatembea.” Alikata chungwa vipande viwili, akamsogezea kimoja. “Kula. Hata mimi sijui.”

Sifuni alikula. Alikuwa amefaulu nadharia zote kwa alama za juu kuliko wote wa mwaka wake, na alijivunia hilo waziwazi, bila kujificha nyuma ya unyenyekevu wa uongo. Alitoka mle ofisini amekata shauri. Angenyamaza siku nne. Mtu akiwa hai unaweza kumwomba radhi.

*

Angelinyamaza kweli, kama Mzee Mbano mwenyewe asingelimfungulia mlango mwingine.

Ilikuwa saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo. Sifuni alikuwa akimkanda nyayo kwa mafuta, na Mzee alikuwa akitazama nje, kwenye mapanga ya upepo yaliyozunguka juu ya kilima.

“We Mhehe.”

“Naam, mla panya.”

“Ngoja kidogo, weka utani kando.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nimezungumza na binti yangu Devota leo asubuhi. Nimemwambia hivi, mguu huu ukinishinda, yule kijana wa hospitali ndiye atakayesimamia mazishi. Aingie kaburini kabla yangu alale apime kama linanitosha. Avae koti langu aniigize ninavyotembea, watu wacheke. Watani wangu wa kweli wamebaki wachache, wengine wako ng’ambo, wanatukana kwa simu, na tusi la simu halina chumvi. Devota ameandika jina lako. Sifuni, Mhehe wa Iringa. Nitalala vizuri.”

Mikono ya Sifuni ilisimama juu ya mguu.

Alijaribu kuendelea kukanda. Alijiambia maneno yaleyale ya ofisini: siku nne tu. Lakini jambo lilikuwa limepita mahali alipokuwa amelichorea mpaka. Kama angenyamaza, na mguu ukashindwa, uongo wake ungeshuka kaburini na mzee wa watu, ungevaa koti lake mbele ya watoto wake. Na maiti haiombwi radhi.

“Mzee,” alisema.

Mbano aligeuka. Hakuwahi kuitwa hivyo na kijana yule bila tusi nyuma yake.

“Mimi si Mhehe. Nimekulia Iringa, lakini baba na mama ni Wapare wa Usangi. Sina utani na wewe. Nilijua tangu siku ya kwanza, na sikukwambia kwa sababu ulicheka.”

Mapanga yalizunguka kule kilimani. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akijifanya amelala, alifunga macho kwa nguvu zaidi.

“Siku ngapi?” aliuliza Mzee.

“Tisa.”

“Siku tisa mtoto wa watu ananiita mla panya.” Hakupandisha sauti. Alivuta shuka, akaufunika mguu mpya, kisha akafunika na ule wa zamani, kisha akajifunika uso. “Toa mikono yako,” alisema chini ya shuka. “Nenda.”

*

Siku ya kumi na nane hakusimama. Ya kumi na tisa pia. Dira ilimpangia muuguzi mwingine, dada mpole mwenye sauti ya asali, naye akambembeleza kwa kila neno jema lililoandikwa. Mzee alimjibu kwa adabu, “Asante, mwanangu,” na akabaki amelala. Joto la mguu lilishuka hadi thelathini na moja. Kucha zilianza kuwa na rangi ya majivu.

Sifuni alihamishiwa ghala la dawa. Alihesabu chupa, akakosea, akahesabu tena. Alijaribu kutunga ubeti juu ya jambo lile, na kwa mara ya kwanza tangu ajue vina, vina vilimkataa. Asubuhi ya siku ya ishirini aliacha chupa na kushuka jikoni.

Jiko la hospitali lilikuwa mitambo mitupu, ila mitambo haikuwa na ulimi, na mwenye ulimi alikuwa Mama Kikoti, Mhehe mzaliwa wa Kalenga, aliyeonja kila sufuria kabla haijapanda wodini. Alimsikiliza Sifuni hadi mwisho, amepachika mwiko kiunoni.

“Hebu rudia,” alisema. “Umeingia kwenye utani wa watu bila hodi, kama kuku sebuleni?”

“Ndiyo, mama.”

“Mngoni mzima amelala ghorofa ya tatu wiki tatu, mimi mwenye haki naye niko hapa napika uji, hata taarifa sipewi. Halafu anayemtukana ni Mpare! Na ulimtukana vizuri, au ulitutia aibu?”

“Nilijitahidi.”

“Kiburi hicho! Mdomo wako ndio uliokuponza.” Alivua aproni, akaitundika. “Unataka nini kwangu?”

Ilimgharimu kulitamka. “Mama, njia zangu zimekwisha. Nakuomba.”

“Hapo sasa ndiyo umesema neno la kiuguzi. Twende. Na uje na wewe, usijifiche.”

*

Mama Kikoti hakubisha hodi wodini. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani kwa kelele.

“Jamani, dawa ya panya imekwisha humu? Naona mmoja amejifunika shuka!”

Shuka la kitanda cha dirishani lilitikisika.

“Nani huyo?” iliuliza sauti ya chini. “Nasikia harufu ya mbwa wa kuchoma.”

“Binti wa Kikoti, wa Kalenga. Funua uso, uone watu waliowapiga!”

Mzee Mbano alifunua uso. Alimtazama mama yule kuanzia kilemba hadi kandambili, na macho yake yakajaa maji. Ndipo akamwona Sifuni nyuma yake, akakunja uso.

“Mtani,” alisema, “umekuja wakati mzuri. Mwamuzi ni wewe. Kijana huyo amenitukana siku tisa bila haki. Matusi yake yamenikaa hapa.” Aligusa kifua. “Hayatoki. Afanywe nini?”

Mama Kikoti aliketi kwenye kiti cha wageni, akafikiri, na wodi nzima ikafikiri naye.

“Tusi lisilo na mwenyewe ni sumu,” alisema mwishowe. “Basi yatafutiwe mwenyewe. Kijana, simama huku nyuma yangu. Utanitajia yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini. Nitayasema mimi. Nikishayasema ni yangu, na wewe Mngoni utanijibu mimi. Ila sitajibiwa na mtu aliyelala, sijazoea kuongea na magogo. Ukitaka kujibu, njoo nilipo.”

Akainuka, akaenda kusimama mwisho kabisa wa wodi, kijana nyuma yake.

Sifuni alianza. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani, kumnong’oneza mwanamke wa makamo maneno aliyoyarusha kwa fahari wiki nzima. Yalikuwa yamepoa. Mengine yalikuwa mabaya kweli. Mama Kikoti aliyapokea, akayapasha moto, akayatupa.

“Babu zangu wafufuke wakukimbize tena?”

Mzee Mbano alishusha miguu. Alisimama, akayumba, akashika fito. Yule dada mpole alisogea amsaidie, akaonywa kwa mkono. Mzee akaachia fito.

“Wafufuke kwanza washuke mitini!” alijibu, na akapiga hatua.

“Moja,” ilisema Dira.

“Eti mguu wako mpya unaogopa kukaa na Mngoni, unataka kurudi pipani?”

“Urudi? Huu umeoteshwa Ungonini, haujui kukimbia kama wako!”

Tusi kwa tusi, hatua kwa hatua. Alipofika ishirini alikuwa akitokwa jasho usoni. Alipofika ishirini na saba alisimama katikati ya wodi, na kila mtu aliona paja likitetemeka. Mama Kikoti alingoja tusi jingine. Halikuja.

“Sema,” alinong’ona bila kugeuka.

“Hilo siwezi,” alisema Sifuni. “Nilisema kuhusu mguu uliokatika. Nilivuka.”

“Nalo lipate mwenyewe. Sema.”

Sifuni alilisema. Mama Kikoti alilirudia mbele ya watu wote, polepole, bila kucheka. “Mguu wako wa kwanza ulikufa kwa aibu ya kukubeba.”

Hakuna aliyecheka. Mzee Mbano alitazama chini. Alitazama mguu wa kushoto, kisha wa kulia, na huo wa kulia aliutazama muda mrefu, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza sura ya mkwewe.

“Ule wa kwanza,” alisema, “ulinipandisha mitambo elfu. Haukunionea aibu. Na huu wangu wa sasa unakuja kukupiga teke, Mhehe. Ngoja hapohapo.”

Akaja. Hakujibu tena kitu njiani. Dira ilihesabu peke yake, thelathini na tatu, thelathini na nane, na ilipotaja arobaini alikuwa bado anatembea.

“Joto la mguu, thelathini na tatu na linapanda,” ilisema Dira. “Muuguzi Sifuni, kitendo hiki kiandikwe chini ya njia ipi?”

“Andika kwamba sijui.”

“Hakuna nafasi ya jibu hilo.”

“Itengeneze.”

Mzee Mbano alimfikia Mama Kikoti, akamgusa ugokoni kwa kidole cha mguu mpya, tiki, na wodi ikalipuka kwa vicheko na vifijo. Yeye hakucheka sana. Alimpita yule mama hatua moja zaidi, akasimama mbele ya Sifuni. Walikuwa na kimo kimoja. Sifuni hakuwa amelijua hilo, kwa kuwa hakuwahi kumwona amenyooka.

“Matusi yako yamepata mwenyewe,” alisema Mzee. “Sasa wewe na mimi hatuna kitu. Una neno?”

Tangu ‘Kamwene’ ya siku ya kwanza hakuwahi kumwamkia tena. Mtani haamkii, hurusha jiwe. Sifuni aliinamisha kichwa.

“Shikamoo, Mzee.”

Mbano alimwacha ameinama kwa muda uliomtosha.

“Marahaba.” Akavuta pumzi. “Jina lako Devota atalifuta. Ataliandika la huyu mama mchokozi.”

“Ni haki, Mzee.”

“Siku yenyewe ikifika, uje. Utakaa na wageni wengine, ule, unyamaze.”

“Nitakuja.”

“Lakini,” alisema Mzee Mbano, akigeuka kukitafuta kitanda chake kwa macho, mbali kule dirishani, “usije na haraka.”